BMI, futi kamba au kipimo cha damu: kipi kikueleze hali ya mwili wako?

Ukishuka stendi kuu ya Moshi asubuhi utawakuta vijana wenye mizani na mti wa kupimia urefu. Unavua viatu, unapanda, unalipa, unapewa kikaratasi chenye uzito, urefu na BMI, yaani namba inayolinganisha uzito na urefu wako. Mjomba wangu alikaa na kikaratasi chake kwenye pochi karibu miaka miwili. Kilisema BMI yake ni 23.7, na chini yake: uzito wa kawaida. Kila aliyemtania kuhusu kitambi alionyeshwa kikaratasi. Alipoanza kupata kizunguzungu na kuamka mara tatu usiku kwenda kukojoa, alikwenda zahanati moja. Wakampima uzito na urefu, wakamwambia mzee uko vizuri, wakampa vidonge vya kichwa. Hakuna aliyezungusha futi kamba tumboni, hakuna aliyemtoboa kidole.

Sukari yake ilipokuja kupimwa akiwa hajala kitu, ilisoma 9.4 mmol/L. Presha ilikuwa 152 kwa 96. Kisukari kilikuwa kimeshaweka kambi, pengine muda wote ule ambao kikaratasi kilimwambia asiwe na wasiwasi.

Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nivilinganishe vipimo tunavyoweza kuvipata huku kwetu, kuanzia vya bure hadi vya mashine kubwa, ili anayetaka kujua kama unene wake una madhara ajue aanze na kipi na asikiamini kipi peke yake.

Watu watatu, futi kamba moja

Krismasi iliyopita, nyumba ya Kibosho ikiwa imejaa kama nyumba zote za Uchagani mwezi wa 12, nilichukua futi kamba ya mama, ambaye ni fundi cherehani, nikawapima watatu. Mjomba mwenyewe, aliyekuwa karani na sasa amestaafu. Shangazi, anayeuza ndizi soko la Kiboriloni. Na binamu yangu, mpagazi wa mlimani, ambaye hubeba mzigo wa kilo 20 hadi kambi za juu za Kilimanjaro.

| | Mjomba (56) | Shangazi (61) | Binamu (29) |
|---|---|---|---|
| Urefu (sm) | 172 | 158 | 170 |
| Uzito (kg) | 70 | 78 | 84 |
| BMI | 23.7 | 31.2 | 29.1 |
| Mzunguko wa tumbo (sm) | 99 | 84 | 82 |
| Mzunguko wa nyonga (sm) | 94 | 118 | 100 |
| Tumbo kwa urefu | 0.58 | 0.53 | 0.48 |
| Tumbo kwa nyonga | 1.05 | 0.71 | 0.82 |

Soma mstari wa BMI peke yake. Mjomba ndiye mzima wa nyumba, shangazi ana unene uliokithiri, na binamu amebakiza kidogo amfuate shangazi. Sasa soma mistari miwili ya mwisho. Mambo yanageuka: mjomba anakuwa wa kwanza kwa hatari, binamu hana tatizo, na shangazi anakuwa swali gumu ambalo vipimo viwili havikubaliani. Nitamrudia.

BMI: inachojua na isichojua

BMI ni uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hiyo ilitoka kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mwanahisabati na mtaalamu wa nyota, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari na hakuwa anatafuta wagonjwa; alikuwa anatafuta vipimo vya mtu wa wastani. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliilinganisha na hesabu nyingine kwa vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wakaona inafaa kwa tafiti za makundi ya watu, wakaipa jina la BMI. Wanawake hawakuwemo. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka tunayoijua: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliokithiri.

Shida yake ni moja na ni kubwa. Mizani haijui kilo ni ya nini. Ukienda buchani, kilo ya steki na kilo ya mchanganyiko zinalingana kwenye mizani, ila kinachoingia sufuriani si kimoja. BMI haitenganishi misuli na mafuta, na hata mafuta yenyewe haijui yamekaa wapi. Binamu yangu amejaa misuli ya mapaja na mgongo kwa kupanda na kushuka, na BMI inamhesabia misuli hiyo kama kosa. Mjomba misuli imemwisha kwa miaka ya kukaa kwenye kiti na kwenda kila mahali kwa bodaboda, tumbo likachukua nafasi, na mizani ikaona kilo 70 zilezile.

Mipaka yenyewe pia haikai sawa kwa watu wote. Arusha na Moshi zina familia nyingi zenye asili ya India, na kwa watu wenye asili ya Asia kisukari huanza kwenye BMI ya chini zaidi. Wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza mwaka 2004 kwamba kwao tahadhari ianze kwenye 23, na hatari kubwa kwenye 27.5. Watoto wana chati zao za umri na jinsia, kwa hiyo usimsomee mtoto wa darasa la nne mipaka ya watu wazima. Mjamzito asipimwe kwa BMI ya siku hiyo wala kwa futi kamba ya tumbo. Kinachoangaliwa ni uzito aliokuwa nao kabla na anavyoongezeka kila mwezi kliniki. Na mzee aliyepungua urefu na misuli anaweza kuonekana wa kawaida huku mafuta yamejaa ndani.

Hata hivyo sisemi itupwe. Ni ya bei nafuu, inafaa kwa kulinganisha wilaya na wilaya au mwaka na mwaka, na kwenye ncha zake mbili husema kweli mara nyingi: mtu wa BMI 16 ana tatizo, na mtu wa BMI 42 hahitaji kipimo kingine kuthibitisha kwamba ana mafuta mengi. Katikati hapo, ambako wengi wetu tupo, ndipo inapopotosha. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwaambia wanachama wake mwezi Juni 2023 wasiitegemee peke yake. Januari 2025 jopo la kimataifa lililoandaliwa na jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology, likiongozwa na Francesco Rubino wa King's College London, lilikwenda mbali zaidi: unene usithibitishwe kwa BMI tu. Kiongezwe angalau kipimo kimoja cha umbo, yaani tumbo, tumbo kwa nyonga au tumbo kwa urefu, au mafuta yenyewe yapimwe kwa mashine. Ni kwa walio juu ya 40 tu ndipo inaruhusiwa kuamini moja kwa moja.

Kwa nini tumbo

Mwaka 1947 daktari Mfaransa wa Marseille, Jean Vague, aliandika kwamba wanene hawafanani: wanaonenepa sehemu ya juu na tumboni hupata kisukari na magonjwa ya moyo zaidi kuliko wanaonenepa nyonga na mapaja. Ilichukua miongo mingi kwa wengine kumsikiliza.

Sababu yake inaeleweka sasa. Mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole kwenye paja, yanafanya kazi kama ghala: yanapokea ziada na kuihifadhi. Mafuta ya ndani ya tumbo, yaliyozunguka utumbo na ini, hayatulii. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaopeleka damu moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta, insulini, homoni ya kushusha sukari, inapiga hodi haisikiki. Kongosho linaongeza nyingine, mwisho linachoka, sukari inapanda. Presha na mafuta mabaya ya damu hufuata njia hiyohiyo. Ndiyo maana kitambi kigumu cha mtu mwembamba wa miguu na mikono kinanitia hofu kuliko nyonga pana za mama anayetembea.

Najua hili ni gumu kulisema huku kwetu. Kitambi kwa mwanaume bado ni dalili ya mambo kumnyookea, na mtu akipungua majirani huulizana anaumwa nini. Waliopitia miaka ya UKIMWI kabla ya dawa wana sababu ya kuogopa kukonda, na siwacheki. Lakini namba za mjomba nimeziona kwa macho yangu.

Futi kamba: tumbo peke yake, au tumbo kwa urefu?

Mzunguko wa tumbo peke yake ndio mwepesi kuliko vyote. Mipaka inayotumika kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara imeazimwa kutoka kwa Wazungu: sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke tahadhari inaanza, 102 na 88 hatari ni kubwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilisema wazi mwaka 2006 kwamba tunaitumia hiyo hadi zipatikane takwimu zetu wenyewe. Kwa wenye asili ya India, mwanaume anaanzia 90. Udhaifu wake ni kwamba haujali kimo: tumbo la sentimita 92 kwa mtu mrefu wa mita 1.90 na kwa mtu wa mita 1.55 si habari moja.

Hapo ndipo tumbo kwa urefu linapokuwa bora, na hiki ndicho ninachokichagua mimi kuwa cha kwanza kwa mtu mzima yeyote. Gawanya mzunguko wa tumbo kwa urefu, vyote kwa sentimita. Chini ya 0.5 ni salama, 0.5 hadi 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 kwenda juu hatari ni kubwa. Mpaka ni mmoja kwa wanaume na wanawake, na kwa makabila na rangi zote. Margaret Ashwell wa Uingereza ameupigia debe tangu miaka ya 1990 kwa maneno mepesi: tumbo lisizidi nusu ya kimo chako. Mwaka 2022 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, NICE, iliuingiza kwenye mwongozo wake kwa watu wenye BMI chini ya 35. Ukishafika juu ya hapo, tumbo limeshajulikana. Kamba haikuongezei habari.

Uzuri mwingine: hauhitaji namba. Chukua kamba ya mkonge au uzi, simama bila viatu, mtu akukatie kipande kinacholingana na kimo chako kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje katikati mara moja, ibaki nusu. Zungusha tumboni. Ncha zikikutana, umo ndani ya nusu. Zisipokutana, umezidi. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuwapima wajukuu wake wote walioshakuwa watu wazima, jioni moja, kwa kamba na kisu.

Ila kupima vibaya ni rahisi, na ndipo wengi wanapojidanganya. Wanaume hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, wakapata sentimita 10 pungufu. Namba ya suruali ya mtumba si mzunguko wa tumbo lako. Wala fundi cherehani hapimi kama daktari. Yeye anatafuta pale gauni litakapobana. Namna sahihi ni hii: papasa ubavuni hadi upate mbavu ya mwisho, kisha upate ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, futi kamba ipite katikati ya hapo pande zote mbili, sambamba na sakafu. Ipite juu ya ngozi, siyo juu ya sweta. Machame asubuhi watu huvaa nguo tatu. Ikae bila kubana. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Pima mara mbili. Pima kabla ya kula, maana baada ya sahani ya mtori na glasi mbili za mbege hata binamu yangu hapimiki.

Jambo moja la kuangalia sana. Tumbo kubwa si lazima liwe mafuta. Tumbo linalokua haraka huku mikono na uso vinakonda, au linalovutika na kung'aa, au gumu upande mmoja, linaweza kuwa maji kutokana na ini au uvimbe kwenye kizazi. Hilo futi kamba haitakuambia. Nenda ukaonwe, na upigwe picha ya utrasaundi.

Tumbo kwa nyonga

Kipimo hiki kina ushahidi mzuri. Utafiti wa INTERHEART, uliohusisha watu wapatao 27,000 wa nchi 52, ulionyesha mwaka 2005 kwamba uwiano wa tumbo na nyonga ulihusiana na shambulio la moyo kwa nguvu kuliko BMI. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni 0.90 kwa mwanaume na 0.85 kwa mwanamke. Kinasema jambo ambalo kingine hakisemi: kwamba nyonga pana ni kinga ya aina fulani.

Kwa matumizi ya nyumbani nakiweka nyuma kidogo. Inabidi upime sehemu mbili, makosa yanakuwa mawili, na nyonga hupimwa pale makalio yanapotokeza zaidi, jambo ambalo si kila mtu atakubali kufanyiwa sebuleni na mpwa wake. Tena mtu akipungua tumbo na nyonga kwa pamoja, uwiano unabaki palepale na yeye atadhani hajafanya kitu. Kitumie kama shahidi wa pili pale kipimo cha kwanza kinapokuacha njia panda.

Zipo hesabu nyingine mpya, kama ile ya kiwango cha uduara wa mwili iliyotolewa 2013. Zinatumia tumbo na urefu uleule kwa hesabu ndefu zaidi. Kwa mtu wa kawaida hazina cha kuongeza.

Mizani zinazosoma mafuta, na mashine kubwa

Jimu kadhaa za Arusha, na siku hizi hata maduka ya vifaa vya umeme, zina mizani inayokuambia asilimia ya mafuta. Inapitisha umeme hafifu mwilini. Maji na misuli hupitisha umeme vizuri, mafuta huuzuia, na kutokana na kizuizi hicho mashine inakisia. Neno ni hilo: inakisia, kwa kutumia hesabu zilizotengenezwa na watu wengine. Ukiwa umekaukiwa maji itakuzidishia mafuta. Binamu alipoteremka kutoka kambi ya Barafu siku moja akapanda kwenye moja ya hizo, aliambiwa ana asilimia 24 ya mafuta. Siku tatu baadaye, amekula na kunywa, ikasema 17. Mafuta hayapotei hivyo. Mizani ya nyumbani inayoshika nyayo tu hupima zaidi miguu kuliko tumbo. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani asipande kabisa, na mjamzito naye aiache.

Ukiwa nayo, itumie kuangalia mwelekeo: saa ileile, asubuhi, umeshakwenda msalani, hujanywa chai, mara moja kwa wiki. Namba ya siku moja usiipe uzito.

Mashine ya DEXA, ya mionzi hafifu ya aina mbili, ndiyo inayotenganisha mfupa, misuli na mafuta kwa uhakika zaidi. Ilitengenezwa kwa ajili ya kupima mifupa. Si mashine utakayokutana nayo kwenye kituo cha afya, na kwa swali la kawaida la mtu wa kawaida sioni sababu ya kusafiri kuifuata. Fedha hiyo ikapime damu.

Damu na presha: hapa ndipo ninaposimama

Futi kamba inakuambia moto unaweza kuwaka. Damu inakuambia kama umeshawaka. Mtu akiniuliza achague vipimo viwili tu kwa maisha yake yote, nitamwambia kamba na sukari, na akipata nafasi ya cha tatu, presha.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula, baada ya kukaa bila chakula kwa muda wa saa nane: 7.0 kwenda juu, ikirudiwa siku nyingine ikawa vilevile, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni mlangoni. Wamarekani huanza kuhesabu tahadhari kwenye 5.6. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, mpaka wake ni asilimia 6.5, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji kufunga. Lakini kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kinaweza kudanganya, na hao tunao. Mwambie daktari kabla.

Presha wengi hupimwa vibaya. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, usizungumze, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Upimwe mara mbili. Kwa watu wanene kuna jambo la zaidi: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo. Shangazi aliwahi kuanzishiwa hofu kwa namna hiyo, 148 kwa 92, na alipowekewa mkanda mkubwa ikawa 124 kwa 78. Usione aibu kuomba mkanda mpana. Mpaka ni 140 kwa 90 kwa siku mbili tofauti.

Ukipata nafasi, ongeza mafuta ya damu na vipimo vya ini. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, na siku za upimaji makanisani na misikitini, sukari na presha hupimwa bure sehemu nyingi. Ni nafasi nzuri, ila ukiitwa saa nne asubuhi umeshakunywa chai na maandazi, mwambie anayekupima, maana mpaka wa sukari ya mtu aliyekula ni tofauti.

Wanaotumia dawa za VVU waulize kliniki yao pia. Dolutegravir, iliyo kwenye kidonge kimoja kinachotumika sana nchini, imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu, hasa wanawake wa Kiafrika. Hiyo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja. Ni sababu ya kupimwa tumbo, sukari na presha kila unapokwenda kuchukua dawa.

Nguvu na pumzi

Vipimo vyote hapo juu vinauliza mwili una nini. Hivi vinauliza mwili unaweza nini, na nasikitika kwamba havipimwi mara nyingi. Utafiti wa PURE wa nchi 17, uliotoka 2015, ulipima nguvu ya kubana kwa kiganja ukakuta kwamba kila kilo 5 zinazopungua ziliendana na ongezeko la takribani asilimia 16 la vifo kwa sababu zozote. Kifaa cha kubana huna, ila kiti unacho. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na kukaa kwa sekunde 30, hesabu. Mwanaume wa miaka 60 hadi 64 akishindwa kufikisha mara 14, au mwanamke wa umri huo mara 12, yuko chini ya wenzake.

Shangazi alifikisha 16 bila kutweta, na alikuwa ameamka saa kumi usiku kupakia mikungu. Mjomba, mdogo kwake kwa miaka mitano, aliishia 10 akashika goti.

Nani aanze na kipi

Kama wewe ni mwembamba mwenye kitambi, wa umri wa miaka 40 na kuendelea, na ndugu yako ana kisukari, usihangaike na mizani. Kamba leo, sukari wiki hii. Kama unabeba mizigo, unalima kwa jembe au unafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, achana na BMI kabisa; tumbo kwa urefu linakutosha, na presha mara moja kwa mwaka. Kama unapunguza uzito, pima tumbo mara moja kwa mwezi badala ya kupanda mizani kila asubuhi. Ukiongeza misuli huku ukipunguza mafuta, kilo zitakaa palepale na utakata tamaa bure. Na usianze hesabu tarehe 26 Desemba. Kama una BMI ya 35 na zaidi, tumbo limeshajulikana. Maswali yako ni ya sukari, presha, ini, magoti, na kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini.

Sasa shangazi. BMI inasema unene uliokithiri. Kamba inasema amezidi nusu kwa sentimita 5. Nyonga inasema hana hatari. Kiti kinasema ana nguvu. Sukari yake ya asubuhi ni 5.1. Nilipomsomea yote haya alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi ndivyo nilivyoumbwa. Mama yangu alikuwa hivihivi, na amezikwa ana miaka tisini."

Sikuwa na cha kumpinga, na sikutaka kumpa hofu isiyo na sababu. Jopo lile la 2025 lina jina kwa watu kama yeye: unene ambao bado haujawa ugonjwa, yaani mafuta yamezidi lakini viungo vinafanya kazi sawasawa. Mara nyingi hauhitaji dawa, unahitaji kufuatiliwa. Tulikubaliana mambo mawili: kila Novemba atapimwa sukari na presha kwa mkanda mpana, na kamba yake, ile niliyoikata siku ile, itatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Ncha zikiachana zaidi ya upana wa vidole vyake vitatu, atanipigia simu.